Kuhamia Mafia na familia: supamaketi si tatizo, tatizo ni saa za jikoni

Mkuu, umeuliza kama familia yako ya watu wanne itamudu kuishi Mafia bila supamaketi, maana mkeo amezoea mambo ya Dar: mkate uliokatwa, tui la pakiti, kuku aliyekwisha kusafishwa. Wenzangu waliokujibu hapo juu wamekwambia mtakula samaki wabichi na nazi mpaka mchoke, na ni kweli. Ila hakuna aliyekwambia vyakula hivyo vitapikwa na nani, na vitakula saa ngapi za siku yake.

Mimi nimefundisha shule ya msingi kwenye kijiji upande wa Bweni, kaskazini kabisa mwa kisiwa, kuanzia 2013 hadi 2019. Nilikwenda na mume wangu na mtoto wa miaka mitatu, wa pili nikamzalia huko huko. Umeme wetu ulikuwa sola ya taa tatu na kuchaji simu. Friji hakuna.

Nilikuwa natoka shule saa tisa na nusu, naanza na nazi. Kule unaipata na makumbi yake. Unaifua kwenye kifuo, unaivunja, unakaa kwenye mbuzi unakuna. Kwa wali na mchuzi wetu zilikwenda nazi tatu. Ukishakuna unatia maji ya vuguvugu, unavuruga, unakamua kwenye kifumbu: tui zito unaliweka kando, chicha unairudia kupata tui jepesi. Jepesi ndilo la kupikia, zito linaingia mwishoni, na hapo huondoki jikoni, maana ukiacha kukoroga linakatika na mchuzi unabaki mafuta juu, maji chini. Mara ya kwanza liliponikatikia nilikuwa na wageni, walimu wenzangu wawili. Nililia jikoni peke yangu.

Na tui haliwekeki. La asubuhi, kwa joto lile, jioni limeshachacha. Hata ukiwa na nguvu zote siku ya Jumamosi huwezi kukamua la wiki nzima. Kesho unarudi kwenye mbuzi ile ile. Kazi yenyewe mtu anaizoea. Kilichonichosha ni kwamba haiishi.

Wakati unakuna nazi, mchele bado unakungoja kwenye ungo uupepete na kuutoa mawe, na moto haujawashwa. Makumbi yanawaka haraka na yanatoa moshi mwingi. Vifuu vinatoa kaa zuri la kupalia. Mimi binti wa kukulia kwenye jiko la gesi ilinichukua miezi kujua moto upi wa wali na upi wa maharage. Maharage nayo yanatoka bara, mengine yameshakaa ghalani muda mrefu. Usipoyaloweka usiku, utakula saa nne.

Usidhani pia kwamba kuzungukwa na bahari ni kuwa na samaki kila siku. Unakula kwa mwezi na kwa upepo. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa hawapatikani. Kusi likivuma, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa hivi, kuna siku vyombo vidogo havitoki kabisa. Nyanya na vitunguu vyetu vingi vilivuka kutoka Nyamisati, bandari ya upande wa bara, kwa hiyo bahari ikichafuka na vyenyewe vinaadimika. Nimewahi kukaa siku tisa bila kitunguu hata kimoja nyumbani. Hapo ndipo nilipojifunza kupika mchuzi kwa ukwaju, kwa embe bichi, kwa mbilimbi. Siku samaki wakija wanakuja wengi kwa pamoja, na ni lazima uwashughulikie usiku huo huo: kuparua, kuwakaanga wakauke, wengine kuwapasua na kuwatia chumvi wawe ng'onda. Mtoto analia, madaftari ya darasa la tano hayajasahihishwa, na wewe una magamba mpaka kwenye nywele.

Mkate ndio ulionivunja moyo zaidi, maana mwanangu mkubwa aliulizia mkate kila asubuhi kwa miezi miwili. Hamira ya pale kijijini mara nyingi ilikuwa imeshakufa kwa unyevu. Naumua unga jioni, asubuhi uko vile vile kama udongo. Sasa hamira naijaribu kwanza: kijiko kimoja kwenye maji ya vuguvugu yenye sukari, dakika kumi zikipita hakuna povu, naimwaga. Mama mmoja jirani, ambaye amekuwa mama yangu kweli kweli, alinifundisha kuumua vitumbua kwa tembo tamu la mnazi, lile lililogemwa asubuhi hiyo. Alinifundisha pia mkate wa kumimina: mchele unalowekwa, unatwangwa kwenye kinu, unachekechwa, unakorogwa kwa tui, unamiminwa kwenye sufuria, na sufuria inawekwa makaa ya vifuu chini na juu ya mfuniko. Siku ulipotoka umeiva, mwanangu alikula nusu nzima. Furaha ile siwezi kuifananisha na kitu. Lakini mkuu, mkate mmoja ule ulichukua mchana mzima.

Muhogo niuseme kidogo kwa sababu ni jambo la afya. Mkitaka kula bada, ugali wa muhogo, msifupishe hatua. Muhogo mchungu una sumu, na sumu hiyo inatolewa kwa kumenya, kuloweka siku kadhaa na kuanika mpaka ukauke vizuri. Mwaka 1985 kule Tarime watu walipooza miguu kwa ugonjwa unaoitwa konzo, kwa sababu muhogo mchungu ulikuwa umeliwa bila kutayarishwa vya kutosha. Kwa hiyo mtu akikwambia wanawake wa vijijini wanapoteza muda na muhogo, mwambie muda ule ndio unaookoa miguu ya watoto.

Sasa nirudi kwa mkeo. Umeandika "mke wangu atazoea." Mume wangu naye alisema hivyo hivyo. Mwaka wa kwanza alikuwa akirudi kazini anakwenda barazani kwenye bao, saa mbili usiku anauliza mbona chakula kimechelewa. Sikuwa na nguvu ya kujibu. Nilikonda, nikawa mkali kwa wanafunzi wangu, na hilo najuta mpaka leo. Kilichobadilisha mambo ni mimba ya pili, niliposhindwa kukaa kwenye mbuzi. Alianza yeye kukuna nazi. Majirani walishangaa, wengine walimcheka waziwazi maana huko mwanamume haonekani kwenye mbuzi, lakini hakuacha. Ndani ya wiki mbili tulikuwa tunakula saa kumi na mbili na nusu, na mimi ninasahihisha madaftari kukiwa bado na mwanga. Kazi haikupungua hata kidogo, ilipata mikono minne.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, mtaweza, kama wewe mwenyewe utajifunza kufua na kukuna nazi kabla hamjavuka. Kama kituo chako ni Kilindoni mambo yatakuwa mepesi zaidi, kuna soko na maduka. Kama ni vijijini, beba ndoo tatu za plastiki zenye mifuniko ya kukaza, maana unga na mchele vikikaa wazi wadudu wanaingia mapema. Hamira nunua pakiti ndogo ndogo, usinunue kopo kubwa, likishafunguliwa unyevu unaliua. Na mbuzi nunua yenye meno makali na kiti kipana, kwa sababu utakaa hapo muda mrefu. Vitunguu nunua kabla hujapanda boti, vilivyokauka vizuri, uvitundike kwenye wavu jikoni. Mkivuka kipindi cha kusi, nunua vya mwezi mzima.