ULIZA MPIGA PICHA: Sebule yenye giza, mistari ya taa na kamera ya mtumba

*Shikamoo mzee. Kaka yangu alinitumia kamera ndogo, Canon IXUS 185. Nje inatoa picha safi kabisa. Lakini siku ya kipaimara cha binti yangu, jioni sebuleni, picha karibu zote zimetikisika, na waliokaa nyuma ni giza tupu. Wanangu wanasema niifungie kabatini nitumie simu. Je, ni mbovu?*
Mama wa Kihonda, Morogoro

Marahaba, mama. Kamera yako ni nzima, na kabatini usiiweke. Tatizo ni mwanga. Kile kipande cha ndani kinachopokea picha kina upana wa milimita 6 hivi, hakifikii hata ukucha wa kidole chako cha mwisho. Nje kwenye jua kinapata mwanga wa kutosha na kubaki. Jioni, chini ya balbu moja, hakipati, kwa hiyo kamera inachelewesha kufunga ili ikusanye mwanga zaidi. Katika ule muda mkono ukicheza kidogo tu, au mtoto akigeuza shingo, picha imeshaharibika.

Halafu kuna zum. Kwenye sherehe kila mtu huivuta, na nadhani nawe uliivuta. Tazama namba za lenzi yako: 3.2 hadi 6.9. Ya kwanza ni uwazi wa lenzi zum ikiwa haijavutwa, ya pili ni ikiwa imevutwa mpaka mwisho, na namba ikiwa kubwa uwazi ni mdogo. Ukipiga hesabu, zum ikivutwa yote mwanga unaoingia unapungua zaidi ya mara 4. Kwa hiyo ndani ya nyumba iache zum kabisa. Ukitaka uso wa binti uonekane mkubwa, msogelee.

Flashi nayo ina mwisho wake. Kwenye kamera za aina hii inafika kama mita 3, tena zum ikiwa haijavutwa. Ndiyo maana waliosimama mbele wanang'aa kupita kiasi na bibi aliyekaa kwenye kochi la ukutani anamezwa na giza. Usiwapange kwa safu kwenda nyuma. Wapange nusu duara, wote wawe umbali mmoja na wewe, watoto wakae chini kwenye mkeka. Ni kazi ya dakika moja, na itakupa picha ambayo hakuna mjukuu atakayeuliza huyu aliyefichwa ni nani.

Kitufe cha kupigia kina hatua mbili, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza picha zao. Bonyeza nusu, tulia. Subiri usikie mlio na uone kiboksi cha kijani kwenye uso wa unayempiga, ndipo umalizie kubonyeza. Ukikandamiza kwa mkupuo mmoja, kamera inapiga kabla haijajua ilenge nini.

Jambo la mwisho kwako ni gauni jeupe, na hili naliona sana kwenye picha za kipaimara na za harusi. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa mtoto unatoka kama kivuli kisicho na macho. Weka kamera kwenye P, hali inayokuruhusu kuongeza mwanga mwenyewe, ingia kwenye menyu utafute alama ya kujumlisha na kutoa, upandishe hadi +2/3 au +1. Gauni litapoteza nakshi zake kidogo. Lipoteze. Ngozi zetu nyeusi zina rangi nyingi, kuna ya kahawia, kuna ya shaba, na binti wa Morogoro ana haki ya kuonekana na uso wake wote siku yake kubwa. Ukizipata hizo picha, peleka studio zikasafishwe, uziweke kwenye albamu.

*Asalaam aleikum. Shangazi yangu aliyeko Marekani alinitumia Sony ZV-1. Nikijirekodi jikoni nikipika mahamri, chini ya tyubulaiti, video inajaa mistari myeusi inayotembea. Nje mchana haipo. Tena nikirekodi ufukweni pale Mama Ngina, kinachosikika ni upepo tu.*
Dada wa mahamri, Mombasa

Waaleikum salaam, mwanangu. Umeme wa Kenya unapiga mizunguko 50 kwa sekunde, na wetu huku Tanzania ni hivyohivyo. Wa Marekani ni 60. Kwa umeme wa 50, tyubulaiti inawaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Sasa kamera yako imetoka Marekani, na huko huwa zimepangwa kwa mfumo wa NTSC, yaani picha 30 au 60 kwa sekunde, hesabu isiyokubaliana na taa za jikoni kwako.

Ingia kwenye menyu utafute NTSC/PAL, uchague PAL, mfumo unaoendana na umeme wa 50. Kabla ya hapo hamisha video zako zote kwenye kompyuta, kwa sababu kamera itataka kuifomati kadi upya na kila kilichomo kitafutika. Kisha rekodi kwa picha 25 kwa sekunde, na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha, ipange mwenyewe iwe 1/50 ya sekunde. Usiiachie kamera ijichagulie, maana mwanga ukibadilika nayo itabadilisha kasi na mistari itarudi. Ikibaki hata baada ya hapo, taa yenyewe ndiyo ina walakini. Zipo balbu za LED za bei ya chini ambazo hakuna mpangilio wa kamera utakaozituliza. Hapo badilisha balbu, au sogeza meza yako dirishani. Kwa kweli mimi ningeanza na dirisha. Mahamri yanayoumuka kwenye mafuta yakipata mwanga wa ubavuni yanatamanisha hasa.

Kuhusu upepo, kwenye boksi kulikuwa na kifuniko kidogo cha manyoya, na wengi hukiacha humohumo. Kichomeke juu ya kamera, palipo na maiki. Upepo wa bahari ukiwa mkali zaidi ya hapo, tumia maiki ya kubana kwenye nguo. Tundu lake lipo ubavuni mwa kamera, la milimita 3.5.

*Kila nikishuka kwenye gari lenye kiyoyozi, lenzi inafunga ukungu. Nafuta kwa ncha ya kanga, unarudi. Nifanyeje?*
Mtembeza wageni, Unguja

Kwanza iache hiyo kanga. Imebeba chumvi na mchanga, na ukisugulia kwenye lenzi unaikwaruza. Ukungu ni unyevu wa hewa ya nje unaogeuka matone juu ya kioo kilichopoa. Kabla ya kushuka, ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki, na ukiwa nje iache humo ipate joto taratibu. Nyumbani usiifungie miezi kwenye kipochi cha ngozi, kwa hewa ya Unguja kuvu itaota ndani ya lenzi. Iweke kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

*Mimi ni mwanafunzi. Nataka kamera ya zamani ya mfukoni, napenda zile picha zake za flashi. Nimeonyeshwa moja ya mtumba. Nikague nini?*
Kijana wa Nyegezi, Mwanza

Anza na kadi ya kuhifadhia picha, kabla hata ya lenzi. Olympus na Fujifilm nyingi za miaka ile zinatumia kadi ya xD, na Sony za zamani zinatumia Memory Stick. Kuzipata leo ni shida. Tafuta inayotumia SD ya kawaida. Hata hapo angalia umri wake, kwani kamera zilizotoka kabla ya 2006 kwa kawaida hazisomi kadi inayozidi GB 2.

Betri itoe uiweke juu ya meza. Ikiyumba, imevimba, na ya kubadilisha lazima ujue utaipata wapi kabla hujanunua. Washa na uzime mara kadhaa huku ukisikiliza lenzi inavyotoka: ikikwaruza au ikikwama katikati, irudishe. Kisha piga ukuta mweupe na uivute picha kwenye skrini. Madoa yanayokaa palepale kila ukipiga ni uchafu wa ndani. Chaja nayo uione ikichaji kwa macho yako. Nenda na kadi yako mfukoni, piga picha chache hapohapo, ukazitazame kwenye kompyuta ya kibanda cha jirani kabla hujatoa hela.