Majibu ku barua zenu: Minervali imeishia ku pari

Hii mwezi barua mingi zimekuya zinaongelea kitu moja, vijana na pari (kamari ya mechi), na zingine bangi, sapilo (pombe kali) na vinini (vidonge). Tunajibu ine. Ya kwanza tunaijibu kwa urefu juu najua bazazi bengi batajiona ndani yake.

Swali: "Dada, miye niko mama wa batoto tano, Kadutu, hapa Bukavu, nauzisha samaki za sambaza ku soko. Mutoto wangu wa pili iko na miaka 16, alikuwa mutoto wa adabu sana na ku hesabu anapataka pointi mingi. Nilimupa feza ya minervali ya trimestri, haikufika ku masomo, yote aliicheza pari. Nilipomuuliza alilia, akaapa kwa jina la Mungu hatarudilia. Kisha siku kidogo akauzisha telefone ya dada yake. Bajirani banasema ni pepo, nimupeleke ku maombi. Baba yake anasema ni mwizi, apigwe tu. Je, mutoto anaweza kuwa na akili hivi ku hesabu na hapohapo kukosa akili namna hii?"

Jibu: Mama, pole sana, na asante juu umeandika mbele ya kuamua. Nianzie ku swali yako ya mwisho. Ndiyo, anaweza, na haiko ajabu hata kidogo, ubongo wa miaka 16 uko vile. Ubongo haukomaaki mahali pote mara moja. Sehemu za tamaa na furaha zinaamuka na nguvu sana wakati mutoto anaanza kubalehe, lakini ile sehemu ya mbele, hapa nyuma ya paji la uso, yenye kupima kesho na kusema "ngoja kwanza", njo inamalizikaka nyuma ya zote, karibu ku miaka 25. Mu 1999 Jay Giedd na benzake kule Marekani balitangaza picha za IRM, ile mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, za batoto bale bale, balipigwa picha tena na tena bakiwa banakomaa, na ilionekana wazi ubongo wa kijana ungali unajengwa hata kama mwili umeshafika urefu wa baba yake.

Laurence Steinberg, profesa wa saikolojia ku chuo kikuu cha Temple kule Philadelphia, anaongezaka jambo ambalo ningependa kila muzazi alisikie: mutoto wa miaka 16 ukimukalisha kimya, bila haraka, bila barafiki, anafikiri karibu sawa na mutu mukubwa. Shida inaingiaka pale kuna feza, kuna haraka, na kuna macho ya benzake. Na pale banachezea pari, hivyo vyote biko pamoja kila jioni. Kwa hiyo Mama, siku alikuapia kwa Mungu pengine hakukudanganya, alikuwa ku nyumba mbele yako, kichwa kimetulia, na alikuwa anamaanisha kila neno. Saa ya mechi hakuna kitu kilibaki ya ile kiapo.

Sasa pari yenyewe. Mu ubongo kuna kitu inaitwa dopamini, batu banapenda kuiita maji ya furaha lakini kazi yake kubwa ni kufundisha ubongo nini ya kutafuta tena. Wolfram Schultz, mutafiti aliyefanya kazi Fribourg kule Uswisi kisha Cambridge, alipima nyani mu ubongo wakati banapewa juisi: juisi ikikuya bila kutazamiwa seli za dopamini zinaruka juu, nyani akishajua kabisa itakuya basi ikifika zinabaki kimya. Na mu 2003 yeye na benzake balionyesha kama juisi inaweza kuya ao isikuye, nusu kwa nusu, zile seli zinaendelea kupanda wakati wote wa kungoja. Fikiria sasa kijana na kupo yake, ile karatasi ya mechi alizobashiri na zote lazima zipite, mechi ine zimepita, ya tano iko dakika ya 88, moja-moja. Ni kule kungoja njo kunamushika, na kama feza ingekuwa inakuya kila siku bila kukosa angechoka haraka.

Tena kuna kukosa kidogo, kule kukaribia kushinda. Luke Clark wa Cambridge mu 2009 alionyesha, na picha za ubongo, kwamba kukosa kidogo kunaamusha sehemu zilezile za kushinda na kunaongeza hamu ya kucheza tena. Mutoto wako akikuambia "ilibakia mechi moja tu!" anaongea kama mutu aliyekaribia kushinda, kumbe feza imeenda yote. Na ile michezo ya pari ya ndege inayopanda mu telefone miye naiona mbaya kupita hata kupo ya mpira, juu mchezo unaisha kwa sekunde kidogo na hakuna nafasi ya kupumua kati ya kupoteza na kujaribu tena.

Juu ya pepo, Mama, sikatazi maombi, omba. Lakini sikiliza na hii. Kuna ugonjwa wa kutetemeka unaitwa Parkinson, na bagonjwa bamoja, bazee ba heshima, balipewa dawa zinazofanya kazi kama dopamini bakaanza kucheza kamari na maisha yao yote hawakuwahi kuifikiria, na dawa ilipopunguzwa ao ikabadilishwa bengi baliachana nayo. Kwa hiyo tunaongea juu ya kitu kinachofanyika mu ubongo. Shirika la Afya Duniani, mu orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, limeweka ugonjwa wa kamari mu sehemu moja na pombe na madawa ya kulevya.

Kwa baba: ndiyo, aliiba, na lazima arudishe, hata kwa kubeba mizigo ku soko siku za mposho (jumamosi). Lakini fimbo inamufundisha tu kuficha vizuri zaidi, na kijana anayeficha deni njo ananitia woga kuliko wote. Minervali lipeni nyinyi benyewe ku masomo, mukononi mwa mwenye kupokea, asiiguse. Laini yake ya telefone yenye feza muitoe mikononi mwake, na code za laini zenu zibadilishwe leo. Deni zake andikeni zote ku karatasi pamoja naye, mulipe bale banaomudai moja kwa moja, musimupe yeye feza ya kulipa. Mufanye hivyo bila kumuita mwizi kila asubuhi, mumuambie: nguvu ya kujizuiya bado haijakomaa, kwa hiyo sisi tunaisimamia mpaka ikomae. Na muulize waziwazi kama ameshafikiri kufa, batu banaogopa hili swali lakini kuuliza hakumupi mutoto lile wazo, kunamupa mulango wa kusema. Akisema ndiyo, musimuache peke yake na mufike kwa dokta siku ileile. Hapa Bukavu kuna kituo cha Sosame, kinatunza magonjwa ya akili, na kufika pale haimaanishi mutoto iko wazimu. Pengine atarudilia tena. Akirudilia musianze kusema yote ilikuwa bure, munakaza tu pale palilegea.

Swali: "Mama, jambo. Niko kijana wa miaka 17, Panzi. Papa alianza kunywa kasiksi (pombe ya ndizi) akiwa kijana na leo iko na kazi yake na nyumba yake. Miye na barafiki tunavuta bangi kidogo ku vakansi na siku za mposho, na naweza kuacha siku yoyote ninataka. Juu ya nini bakubwa banatutisha?"

Jibu: Mwanangu, asante kwa kuuliza wazi. Sikutishi, nakupa hesabu. Kati ya batu bote banaojaribu bangi, karibu 9 juu ya 100 banakuya kushikwa nayo. Kwa bale banaoanza mu ujana ni karibu mumoja juu ya 6. Ku pombe, mu 1997 Bridget Grant na Deborah Dawson balitangaza uchunguzi wa Marekani: kati ya bale balianza kunywa ku miaka 14 ao chini, zaidi ya 40 juu ya 100 balikuya kuwa batumwa ba pombe mu maisha yao, na kati ya bale balianza ku miaka 20 kuendelea ni karibu 10. Haiko umri peke yake, familia na mateso biko ndani, na hapa kwetu mateso tunayajua, kijana aliyekimbia vita anatafutaka kitu cha kumulalisha usiku. Lakini ile tofauti ni kubwa sana kuifumbia macho.

Sababu iko hivi. Mu miaka yako ubongo unachagua: njia zinazotumika zinakazwa, zisizotumika zinafutwa. Ni kama vile tunjia twa milima ya Kadutu, pale batu banapita kila siku udongo unakuwa mugumu kama sima hata mvua haiuondoe, na pale hakuna anayepita majani yanafunika. Njia unayoikanyaga ku miaka 17 inakazwa haraka kuliko ile mutu wa miaka 40 anaikanyaga. Njo maana unajifunza gitaa na lugha mbio kuliko papa yako, na njo maana bangi nayo inajifunzwa mbio. Tena ubongo wenyewe unatengeneza vitu vidogo vinavyofanana na vile viko mu bangi, unavitumia kupanga hiyo kazi ya kujenga, na moshi unaingia kwa milango ileile na nguvu isiyopimwa. Kama mu familia yenu kuna mutu aliyesikia sauti ao aliyechanganyikiwa akili, wewe usivute hata mara moja, nakuomba.

Ya papa yako: unahesabu bale baliponyoka juu njo biko mbele yako. Uliza nani kati ya barafiki zake ba ujana hayuko tena.

Ya kuacha siku unataka: acha basi mwezi muzima, ukiwa na barafiki balebale. Nasema nao juu najua vile inakuwaka. Mu 2005 Margo Gardner na Steinberg baliwapa batu mchezo wa gari ku kompyuta, bale ba miaka 13 mpaka 16 barafiki bakibatazama baliongeza hatari sana, na bale ba miaka 24 kuendelea hawakubadilika. Ukiona mwezi unakushinda, rudi utuandikie, hatutakusema.

Swali: "Mama mpendwa, miye mwalimu wa Bagira, kalasi ya finalisti (mwaka wa mwisho wa sekondari). Tunataka kubaonyesha banafunzi picha za batu balioharibika na madawa, na anayeshikwa na kupo afukuzwe. Je, ni njia nzuri?"

Jibu: Mwalimu, kwa heshima, hapana kwa yote mbili. Hatari banaijua, muulize mumoja atakutajia yote, kinachokosa haiko habari. Na ukimufukuza unamupa siku muzima pale banachezea pari, tena na aibu juu. Wewe uko na hesabu mikononi, tumia hiyo. Siku moja asubuhi, kalasi ikiwa imetulia, baambie batafute hii: ekipe iko na nafasi 70 juu ya 100 ya kushinda, mechi 10 za namna hiyo mu kupo moja, nafasi ya kupita zote ni ngapi? Bazidishe benyewe 0,7 kwa 0,7, tena kwa 0,7, mpaka 0,7 zifike kumi. Batapata haifike hata 3 juu ya 100, na batabishana, baache babishane. Kisha fungueni kiwanja saa za nyuma ya masomo, mpira, teatre, kwaya, chochote chenye kushindana na kushangilia, juu ile njaa ya kusisimuka iko halali ku umri wao na lazima ipate pa kwenda.

Swali: "Niko Goma. Mudogo wangu wa miaka 19 anakunywa sapilo tangu asubuhi na anaongeza vinini vya tramadol. Na bajomba tumeamua kumufungia mu chumba mpaka imutoke. Tumupe nini mu siku za kwanza?"

Jibu: Ndugu, musifungie. Hii naomba uisome mbele ya jioni. Mutu aliyezoea pombe kila siku akikatishwa gafla anaweza kuanguka kifafa mu siku mbili za kwanza, na siku ya tatu ao ya ine akaanza kuona vitu na kuchanganyikiwa, na batu banakufa hivyo mu vyumba vilivyofungwa. Tramadol yenyewe inaletaka kifafa hata mutu akiwa bado anaikunywa, na ikichanganywa na pombe inaweza kusimamisha pumzi akiwa amelala. Kupunguza kunafanyika na dokta, na dawa za kumusaidia zipo. Goma muko na Tulizo Letu, na kama ni mbali muende ku hospitali yoyote ya karibu. Akianza kutetemeka sana, jasho, kuona vitu, ao pumzi ikawa ya polepole, muende usiku huohuo musingoje asubuhi. Bebeni pakiti za vile vinini hata zikiwa tupu, na museme kweli anakunywa chupa ngapi kwa siku, juu dokta anapima dawa kufuatana na hiyo.