Kama Unataka Kuongoza Kanisani, Achilia Ile Listi

Ndugu na dada zangu wenye muko kwa komite za kanisa, vijana, korali, wamama, diakonia, leo naongea na nyinyi, na hata wale wenye wanangojea uchaguzi ili wapate nafasi. Kwetu hapa Goma, mashariki ya Kongo, kazi ya kusaidia watu haijawahi kukosekana, leo volkano, kesho vita, kipindupindu nacho hakituachi, na kila mara watu wanakimbilia kwanza kanisani. Kwa hiyo wenye kugawa chakula na nguo tuko wengi. Chenye naona kinakosa ni kiongozi mwenye anakubali yule anayemhudumia amwambie cha kufanya.

Mimi hii nimejifunza kwa mama mmoja shemasi wa parokia yetu. Ile volkano yetu Nyiragongo ilipopasuka tarehe 22 Mei 2021, ule moto ulishuka mpaka Buhene ukakula manyumba, siku chache baadaye serikali ikasema watu wahame mji, wengine Sake, wengine Minova, wengine wakavuka Gisenyi. Watu walipoanza kurudi, familia zenye hazikuwa tena na nyumba zikalala kwa vyumba vya shule ya kanisa. Sisi vijana tulikuwa na moto sana, tumeshatafuta sufuria kubwa, maharagi iko, mchele iko, tunataka tu watu wapange mstari. Yule mama akasema ngojeni kwanza. Akachukua kabanc kadogo, akaketi chini pamoja na wale wamama, akawauliza: mama zangu, munataka tuwafanyie nini? Wakanyamaza kwanza, juu hakuna mwenye alikuwa amewauliza. Kisha mmoja akasema, mutupe kasufuria kadogo kwa kila familia, na makala ya kupikia, na chumvi, tutapika wenyewe, watoto wetu hawajatuona tukipika tangu ile usiku.

Basi ikakuwa hivyo. Kwa macho ya mtu wa kupita, kazi yetu ilionekana ndogo, hakuna mstari, hakuna sufuria kubwa ya kupigia foto, ni tumoshi tudogo tu kwa kila kona ya uwanja, lakini ile jioni nilisikia wale wamama wanacheka na kugombeza watoto kama watu wenye wako kwao.

Siku zile maji ilikuwa shida, bomba ziliharibika, watu wengi wanachota ziwani. Mwenye anajua Goma anajua pale kwa ziwa kuna watu wanasimama na sirinji wanatia klori kwa kila bidoni, juu ya kipindupindu. Mchungaji wetu akachukua bidoni ya lita 20 akaenda kuchota kama watu wote, akarudi ametoka jasho. Mama mmoja mwenye alipoteza nyumba akafungua kifuniko, akanusa, akamwambia: Pasta, hii haina klori, rudisha. Akarudisha. Hakusema unajua unaongea na nani, hakutuma kijana, alibeba tena mwenyewe. Nimesikia mahubiri yake mengi na mazuri sana, lakini siku ile ndiyo nilimfuata kama kiongozi wangu kabisa.

Sasa kuna pahali pagumu zaidi, ile listi ya majina ya wenye kupewa msaada. Mwenye ameshagawa vitu hata mara moja anaelewa. Shitingi, zile plastiki za kufunika makao, zilikuja hazitoshi, na manung'uniko ikaanza, kwamba wale wa upande fulani wanaandikwa kwanza, wa kabila fulani wanarukwa. Sisi wa komite tukakasirika, tunataka kujitetea, yule mama shemasi akatufungulia Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wenye kusema Kiyunani walilalamika kwamba wanasahauliwa kwa ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwaambia nyamazeni, hawakujieleza. Waliambia kanisa lichague watu saba, na ukisoma yale majina, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao, yote ni ya Kiyunani, na huyo wa mwisho hakuzaliwa hata Muyahudi. Mimi naona hapo kanisa liliwakabidhi kazi watu wa upande ule wenye ulikuwa unalia. Basi na sisi tukatoa listi na ufunguo wa depo, tukawapa watu wawili kati ya wale wenye walikuwa wanalalamika. Haikuwa rahisi, kuna mzee mmoja alitoka mkutanoni. Lakini wale wawili walijua nani ana mtoto mchanga na nani ameandikwa mara mbili, vitu vyenye sisi hatungeweza kujua hata kidogo.

Ndugu, kama unahudumia lakini ufunguo unabaki kwa mfuko wako, uamuzi wako, saa yako, na watu lazima wakuombe na kukushukuru, wewe bado uko bosi, hata ukifagia kanisa kila asubuhi. Yesu alisema wazi kwa Marko 10 kwamba wakubwa wa mataifa huwatawala watu wao kwa nguvu, lakini kwenu haitakuwa hivyo, «Kwa maana Mwana wa Adamu naye hakuja kutumikiwa, bali kutumika, na kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi.»

Na musiruke Petro kwa Yohana 13. Tunapenda kuhubiri Yesu mwenye kujifunga kitambaa na kuosha wanafunzi miguu, lakini Petro alikataa kuoshwa miguu, na Yesu akamwambia nisipokuosha huna sehemu nami. Viongozi wengi tuko Petro kabisa, tunataka kutoa tu, tukigonjwa tunajificha, mama wa kambini akikuletea karanga zake kidogo unakataa eti ni maskini. Kula! Pokea, umwambie asante mama. Na Yuda pia alikuwa amekaa pale, aliondoka baadaye, kwa hiyo miguu yake ilioshwa. Hapo sina la kuongeza, ninaomba tu Mungu anisaidie nikimwona mtu mwenye ananisema vibaya amesimama kwa mstari wa unga.

Mimi ni muprotestanti lakini kijana mwenye ninapenda kuwaambia vijana wetu habari zake ni mukatoliki, Floribert Bwana Chui, wa hapa hapa Goma. Pamoja na jumuiya ya kikatoliki ya Sant'Egidio alihudumia watoto wa barabarani, na kazini alikuwa anakagua bidhaa zenye zinaingia kwa mpaka. Walimpa pesa ili aachilie chakula kilichoharibika kipite, akakataa, na mwaka 2007 wakamteka na kumuua, akiwa na miaka 26. Juni 2025 kule Roma ametangazwa mwenye heri, hatua ya mbele ya kuitwa mtakatifu. Angalia vizuri, wale wenye wangekula kile chakula hawakumjua na hawangeweza kumpigia makofi. Kwa hiyo usifikiri huduma ni ya Jumapili na gile ya protokole, wale wanaopokea watu kanisani, tu, tampo (muhuri) yako kazini, ile pesa ya chini ya meza, hapo pia unahudumia ao unaua.

Kwa upande wa foto nitasema kidogo tu: usipige mtu foto akipokea. Kama wafadhili wanataka ushuhuda, piga foto ya magunia na karatasi ya hesabu. Na hesabu ibandikwe ukutani, watu wawili wahesabu, mmoja wao asiwe wa komite.

Ukitaka kuanza, usingoje uchaguzi. Muulize yule mwenye anafagia kanisa ao anachota maji ya wapishi, leo nikusaidie nini, na akikuambia kitu chenye haukutaka, osha marmite, fanya ile, na akisema haijatakata, rudia.