Ulimi Wako, Mshahara Wako: Majibu kwa Wasomaji

Mimi ni mlinzi hapa Arua, Uganda. Niliandika kwenye kundi la WhatsApp la kazini kwamba meneja ni mwizi, nikasimamishwa. Kwani Katiba hainipi uhuru wa kusema?

Swali hili linarudi kila mara, na kila anayeliuliza amesoma kifungu cha 29 cha Katiba, cha uhuru wa kusema, akafunga kitabu. Endelea hadi cha 43: uhuru wako haukupi ruhusa ya kuvunja haki ya mwenzako. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo, na Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikafuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichoadhibu ujumbe wa kuudhi mtandaoni. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini hukumu hizo zilifunga mkono wa serikali. Hazikugusa mkataba wako wa kazi. Polisi wanaweza kukosa la kukushtaki na bosi bado akakufukuza.

Kinga yako iko kwenye Sheria ya Ajira ya 2006. Mwajiri anayekusimamisha ili achunguze anapaswa kukulipa nusu mshahara, na asizidishe wiki 4. Zikipita, andika barua ya kudai kurudi kazini, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Nimepewa barua saa 3 asubuhi, kikao cha nidhamu ni saa 5. Niende? (Mbale)

Nenda. Usipotokea wataandika "aliitwa akakataa", na hapo umewasaidia. Unapotia sahihi barua hiyo, andika chini yake kwa mkono wako: "Nimepokea leo saa 3 asubuhi." Kisha omba kwa maandishi muda wa kujiandaa. Sheria ya Ajira (kifungu cha 66 katika chapa ya 2006, toleo jipya limesogeza namba) inataka upewe muda wa kutosha na uje na mtu unayemchagua mwenyewe. Chagua anayejua kuandika haraka, si rafiki wa kupandisha hasira. Kama barua inasema tu "utovu wa nidhamu", dai waandike maneno gani ulisema, lini na wapi, maana tuhuma isiyo na maneno haijibiki.

Na wasomaji wote, nawasihi: msitie sahihi barua ya kujiuzulu mnayowekewa mezani "ili mambo yaishe vizuri". Baadaye itakuwa kazi ngumu kudai kwamba mlifukuzwa. Anayefukuzwa bila kusikilizwa anadai mshahara wa wiki 4 baada ya makato, hata kama kosa alilifanya kweli.

Ujumbe nimeshaufuta. Bado unahesabika?

Ndiyo, mwenzako ana picha ya skrini; usiukane kikaoni, uongo utakuwa kosa la pili.

Bosi wa zamu anawasema wasichana maumbile yao, eti ni utani. (Jinja)

Si utani. Maneno ya kingono kutoka kwa msimamizi, ya mdomo au ya kuandikwa, ni unyanyasaji kisheria, na mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 lazima aweke hatua za kuuzuia. Andikeni tarehe, waliosikia, na maneno yenyewe yalivyotamkwa, hata kama yanatia aibu. "Alinitukana" peke yake haiwafikishi popote. Wanaowaambia wasichana wavumilie wanamlinda mkosaji.

Nafanya kazi kituo cha afya. Dawa zinaibwa. Niweke Facebook?

Usithubutu. Sheria ya mwaka 2010 ya kuwalinda watoa taarifa inakukinga ukipeleka habari kwa wanaotajwa humo: mwajiri wako, IGG (Mkaguzi Mkuu wa Serikali, anayepambana na rushwa), Tume ya Haki za Binadamu, polisi, ofisi ya RDC (mwakilishi wa Rais wilayani). Facebook haimo. Peleka idadi ya maboksi, tarehe, na jina la aliyetia sahihi kwenye daftari la stoo.

Nilifukuzwa miezi 5 iliyopita kwa kuunga mkono chama fulani. Nimechelewa?

Maoni ya kisiasa si sababu halali ya kumfukuza mtu. Ila malalamiko hupelekwa kwa afisa wa kazi wa wilaya ndani ya miezi 3. Ukichelewa anaweza kukupokea ukionyesha sababu ya haki, kwa hiyo beba karatasi za kuthibitisha, kama za hospitali, pamoja na barua ya kufukuzwa na mkataba. Nenda wiki hii.