Wa kujitolea wanakuja, halafu wanayeyuka

SWALI: Shikamoo kaka, tuna timu ya watoto hapa Mbagala, kila tukitangaza kwenye grupu la wasap tunataka watu wa kujitolea wanaitikia kibao ila baada ya wiki chache tunabaki mimi na kocha tu. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tangazo la grupu halina mwenyewe, kila mtu anajua mwenzake ataenda. Mfuate mtu mmoja, mwambie mama fulani, Jumamosi saa moja mpaka saa tatu asubuhi naomba ushike daftari la mahudhurio na ndoo ya maji, basi. Mtu akijua anaanza saa ngapi na anamaliza saa ngapi anakubali, wengi wanakimbia kwa sababu mlimwita kupanga koni mkaishia kumfulisha jezi za timu nzima (na sabuni yake mwenyewe, jamani!).

Halafu nauli. Kujitolea sio kutoa na hela ya daladala mfukoni, kama klabu haina kitu muwaambie wazazi wachange kidogo kidogo, na chai ya mechi wa kujitolea anywe kabla ya viongozi.

Ila msipokee tu kila anayejileta, hao ni watoto wa watu. Aje na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, na asiachwe peke yake na mtoto, hata kumsindikiza nyumbani waende watu wazima wawili. Akikasirika kwa hilo, mwache aende.