Mke wangu ataka jeshi la Marekani, ananikimbia?

*Shangazi, mke wangu ni muuguzi Texas, ana digrii na grini kadi ya miaka 4. Sasa ataka kuingia jeshini ili asomee kazi ya kuwapa wagonjwa dawa ya usingizi wakati wa upasuaji. Hakunishauri. Alipiga simu usiku kueleza mambo ya chuo, nikamwambia atume kwanza pesa za simiti, nyumba ya Muyeye imesimama kwenye linta. Nimpe talaka? – Baba Swafiya, Malindi*

Pole kwa upweke, Baba Swafiya. Lakini alikupigia usiku akueleze, ukamjibu simiti. Huko ndiko kutoshauriwa?

Talaka kwa kosa gani? Mwanamume akikaa Uarabuni miaka kumi huitwa mtafutaji. Mke akifungua kitabu, mkimbizi. Ndoa za siku hizi zinakufa kwa kiburi hicho, halafu twasingizia simu.

Kwanza, kama muuguzi wa jeshi la kudumu hajiungi kabla ya uraia. Muuguzi huko huingia jeshini kama afisa, na afisa wa jeshi la kudumu sharti awe raia. Uraia kwa kawaida huombwa baada ya miaka 5 ya grini kadi. Pili, chuo chataka asipungue mwaka 1 wa kazi ya kutwa ICU, wodi ya mahututi, kwa wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumulia, dawa ya kupandisha presha ikipunguzwa na kuongezwa kidogo kidogo. Wodi ya kawaida haihesabiwi. Wengine hukwama hapo: hula kiapo mapema wakitumaini jeshi litawapeleka ICU, nalo likawapanga palipo na pengo. Mkeo amalizie ICU uraiani, yaani nje ya jeshi, aombe chuo cha jeshi moja kwa moja, asiape mpaka akubaliwe.

Masomo ya jeshi la nchi kavu huanzia San Antonio, hukohuko Texas, kwa miezi 36, shahada ikitolewa na Chuo Kikuu cha Baylor. Karo hulipa jeshi, naye hula mshahara wa afisa na posho ya nyumba. Uraiani angekopa karo, na masomo haya hayaachi nafasi ya kibarua. Linta yako ingengoja miaka mitatu, bwana!

Si bure, lakini. Akihitimu atadaiwa miaka ya utumishi, na jeshi laweza kumhamisha au kumpeleka vitani. Hilo ndilo la kumuuliza: miaka mingapi, na yaanza kuhesabiwa lini?

Nawe unayelia kukimbiwa, sikia: mume wa raia hangoji foleni ya viza kama mume wa mwenye grini kadi. Uraia wake ndio mlango wako. Cheti chenu cha ndoa kiko wapi? Kama mliozeshwa msikitini mkaishia pilau, nenda kwa Kadhi wiki hii ukaulize usajili.

Kisha mpigie wewe, saa kumi na mbili asubuhi yetu. Kwake bado ni usiku wa kabla ya kulala. Simiti usiitaje.