Jibu kwa aliyeuliza: kuhakiki riwaya na kumwandikia mzee wa siasa maisha yake

Assalaam alaykum. Ndugu yetu wa Chake Chake, Pemba, ameuliza: kwa miaka amekuwa akihakiki riwaya gazetini, sasa mzee mmoja wa siasa anamtaka waandike pamoja kitabu cha maisha yake. Je, kazi ile itamfaa katika hii, au aanze upya? Nimezifanya zote mbili hapa Unguja, kwa hiyo niwieni radhi nikirefusha.

Itakufaa sana, ndugu yangu. Ninachokusudia hapa si ufundi wa lugha, ni lile zoea la kujiuliza kila ukurasa: huyu anayesema, wakati ule alikuwa anajua nini? Chukua Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza 1994. Yusuf, bado mtoto, anaondoka na tajiri Aziz akimhesabu kuwa ni jamaa yake, hajui kwamba ametolewa kwa deni la baba yake. Msomaji anashtuka mapema, Yusuf anakuja kuelewa baadaye. Nilipoihakiki, nusu ya makala niliimalizia hapo, na mhariri akanilalamikia kuwa sikuwasimulia watu kisa. Kisa watakisoma wenyewe. Kazi yetu ni kuwaonyesha kimefumwaje.

Sasa njoo kwa mzee wangu, mwanasiasa niliyeandika naye kitabu cha maisha yake. Kazaliwa Wete, Pemba, kaja mjini kutafuta kazi, Mapinduzi yakamkuta ana miaka 19. Kikao cha kwanza alinisimulia Januari 12, 1964 kwa saa nzima, kwa sauti ya mkutano wa hadhara: vyama vya zama za siasa kabla ya Mapinduzi, dhuluma, Muungano, mpaka akafika kwenye Maridhiano ya 2009 baina ya CCM na CUF, na kura ya maoni ya Julai 31, 2010 juu ya serikali ya umoja wa kitaifa. Maneno mazito, lakini kijana wa miaka 19 simwoni popote. Aliyekuwa akisema ni mzee wa leo, keshajua kila kitu kilivyoishia. Nikamuuliza, "Mzee, asubuhi ile wewe ulikuwa unajua nini?"

Akanyamaza muda. Kisha akasema, "Sikujua kitu, mwanangu. Nikiiwaza baskeli yangu. Niliiacha kwa fundi, Mwembetanga, Jumamosi."

Sura ya tatu ya kitabu inaanza na baskeli ile.

Katika kikao hicho hicho alinambia kuwa siku ile ya Mapinduzi walikuwa wamefunga. Mkewe ni binti wa ami yake, na wakati ule wakikaa nyumba moja. Bibi huyo alikuwa chumbani anatusikiliza mimi na mzee, akasema nyuma ya pazia: "Hatujafunga bado, bwana. Mbona nilibandika mbaazi uani zikaungua chunguni? Nani angethubutu kutoka kuziepua, na bunduki zile?" Nikatazama kalenda. Kweli, Ramadhani ya mwaka ule iliandama siku chache baada ya Mapinduzi. Mzee alizichanganya siku mbili za khofu zikawa moja, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemsahihisha, kwa sababu alikuwa akisimulia barazani, na bibi hakai barazani. Tuliandika tarehe ilivyo, mbaazi tukaziweka, na kwa sentensi moja tukamwacha mzee aseme mwenyewe kwamba yeye siku ile aliikumbuka daima kama siku ya funga. Kwangu hapo ndipo kitabu kilipopata uhai.

Tarehe nyingine zote nilikwenda kuzihakikisha Nyaraka, Kilimani, panapohifadhiwa kumbukumbu za zamani za Zanzibar. Nilikwenda asubuhi nyingi na daftari tu. Magazeti ya zamani yana upande, usiyachukue yalivyo, lakini siku ya mkutano au jina la meli utalipata.

Kulikuwa na mtu mmoja, sasa marehemu, ambaye mzee alitaka kumwita msaliti. Hilo nilikataa. Nilimwomba aeleze alichokiona kwa macho yake na alichoambiwa, na aliyemwambia ni nani. Baada ya wiki mbili akaliondoa neno mwenyewe. Tukio likabaki, na linauma zaidi bila ya neno lile.

Lugha yake ilinde. Mswada ulipotoka kwa mhariri wa bara, kila penye "skuli" pamekuwa "shule". Nilizirudisha zote, moja moja. Mtu wa Wete akisema "shule" kwenye kitabu chake, watu wa Wete watajua kuwa si yeye anayesema.

Mapatano yaandikwe kabla ya kikao cha pili. Jina lako litakaa wapi kwenye jalada, mrabaha mtagawana vipi, rekodi zitabaki kwa nani, na mzee akiugua nani mwenye kauli ya mwisho juu ya mswada. Sisi tuliandika karatasi moja, mwanawe mkubwa akashuhudia. Mzee aliugua kweli kabla hatujamaliza, na karatasi ile ndiyo iliyotuweka sote pamoja.

Na gazetini mwambie mhariri wako mapema. Mimi tangu nianze kazi na mzee sikuhakiki kitabu cha mwanasiasa yeyote, wa chama chake wala wa chama kingine. Riwaya niliendelea nazo.

Kikao cha kwanza ukenda, muombe bibi naye akae ukumbini.